Mkoba wa Vitabu wa Marehemu Chilumba

Jumapili asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki, mzee wa umri wa babu yangu alipiga magoti mlangoni kwangu akaniambia, "Shikamoo."

Mie. Anjelina. Binti nisiye na mume, mtoto wala ndevu.

Nikacheka, nikidhani kachanganya. Yeye hakucheka. Nyuma yake, uani, watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka ambayo sikuitandika mimi, wote wananitazama.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mambo haya yalianza Jumamosi, na chanzo ni ulafi wangu wa vitabu.

Wengine wikiendi zao ni bia na singeli. Yangu ni vitabu vya mtumba. Jumamosi nafua, naanika, kisha nakwenda kwa Nikodemu, anayetandaza vitabu vyake kwenye turubai hapa Kipawa. Jumapili nikitoka kanisani najilaza jamvini nasoma mpaka macho yaniume. Majirani wananiita Profesa. Wananitania, lakini nilikuwa nalipenda jina hilo.

Jumamosi hiyo Nikodemu hakuwa na kipya.

"Ila kuna nyumba Kiwalani, sista," akasema huku anapangusa kitabu ambacho hakikuwa na vumbi. "Mzee kafariki, binti yake anatoa vitabu. Vingi, vya zamani."

"Sasa mbona hujavichukua?"

"Nilienda. Nikarudi mikono mitupu."

"Kwa nini?"

"We nenda tu. Labda utaviweza."

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mie nilisikia "vingi" na "vya zamani", masikio yakaziba.

Nyumba niliipata. Mwenyewe, Mzee Chilumba, alikuwa ameshazikwa. Binti yake, Hamida, mwanamke wa makamo, alikuwa anafunga mabegi kwa haraka ya mtu anayehama. Barazani walikaa wazee wawili.

Vitabu vilikuwa ndani ya mkoba mkubwa wa ngozi uliotundikwa ukutani. Nikachungulia. Riwaya zisizo na jalada, vitabu vya shule vya enzi za wazazi wetu, vingine vya herufi za Kiarabu ambazo sizijui. Vilinuka moshi na karafuu. Mate yakanijaa mdomoni.

"Naweza kuchagua vichache?"

"Havichaguliwi," Hamida akasema. "Vinaenda na mkoba wake."

"Bei gani?"

"Haviuzwi. Unavitaka kwa moyo wako?"

Nikajua leo nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

"Navitaka kwa moyo wangu wote!"

Akageukia barazani. "Mmesikia?"

"Tumesikia," wale wazee wakajibu kwa pamoja.

Hakunikabidhi mkononi. Alinionyesha tu ukutani, nikautungua mwenyewe. Nilipomshukuru alikunja uso, akaniambia nisimshukuru.

Nyumbani nilimkuta jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Gregori, anachambua mchele. Alipouona mkoba akasimama.

"Anje, huo umeutoa wapi?"

"Kiwalani. Vitabu tu, nimepewa bure."

"Kwa Chilumba?"

"Ee."

Aliwaita wanawe ndani, akafunga mlango. Na mtu wa Dar hafungi mlango mchana wa joto bila sababu. Niliona, nikapuuza. Nilisoma riwaya moja nikaimaliza, nikalala na raha zangu.

Sasa turudi kwa yule mzee aliyepiga magoti. Aliitwa Mzee Adelard. Nilimwinua, nikamwambia, "Babu, shikamoo mie ndio nakupa wewe."

"Hapana, mama. Mwenye mkoba ndiye mkubwa."

Ndipo akanieleza. Chilumba alikuwa mganga, akipiga ramli kwa vitabu. Mganga akifa, mkoba wake lazima upate mtu. Anayeutaka kwa moyo wake mbele ya mashahidi, akautungua kwa mkono wake, huyo ndiye aliyeirithi kazi. Hamida hakuitaka. Tangu mazishi alikuwa anamsubiri mjinga mmoja apite.

"Babu, mie ni msomaji tu. Nasoma hadithi!"

"Hata yeye alikuwa msomaji," akasema, akampungia mkono binti yake asogee.

Binti alikuwa amempakata mtoto wake, Blessing. Mtoto anachemka, anahema haraka haraka, midomo imemkauka.

"Mbona hajapelekwa hospitali?"

"Marehemu alikataza sindano," Mzee Adelard akajibu. "Alisema akichomwa atakufa, tusubiri mpaka kitabu kifunguliwe tena. Kisha akafa yeye."

"Mpelekeni sasa hivi!"

Hakuna aliyenyanyuka.

Nikafoka. Nikawatishia polisi. Nikamgeukia mama mtu, "Dada, mwanao anakufa!" Alikuwa analia, lakini alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama ndani kwangu, kwenye mkoba. Nilipojaribu kumchukua mtoto, wanaume wawili wakanizuia.

Kisha macho ya Blessing yakageuka, yakabaki meupe. Mwili ukaanza kukakamaa. Degedege.

Nikakimbilia ndani, nikarudi na mkoba. Nilichomoa kitabu cha kwanza kilichonijia mkononi. Kilikuwa cha jiografia, cha shule. Nikakifungua kwenye kilimo cha mkonge, nikakaza sauti:

"Katazo limeondolewa! Kitabu kinasema mtoto aende hospitali, achomwe sindano, apewe dawa zote za daktari. Atakayechelewa njiani, ole wake!"

Jamani, waliruka! Sijawahi kuona watu wanatii vile. Kufumba na kufumbua bajaji imejaa, imeondoka.

Ilikuwa malaria, imeshapanda kichwani. Blessing alipona. Nilipoletewa habari nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Nikaurudisha mkoba Kiwalani. Hamida alikuwa bado hajaondoka. Hakuugusa.

"Umeshausoma mbele za watu?"

"Nilidanganya! Nilikuwa namuokoa mtoto!"

Akaketi juu ya begi, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko yote yaliyotangulia.

"Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wangu. Mkoba huu aliupata kama wewe, kwa kupenda vitabu. Wa kwanza kuletwa kwake alikuwa mjamzito, wakwe wanamkatalia hospitali. Baba akafungua kitabu, akadanganya. Yule mama akajifungua salama."

"Kisha?"

"Wakaja wengine. Miaka mingi aliwatuma wote hospitali. Halafu wakaanza kumuuliza mambo yasiyo na hospitali. Nani kaniibia, nani kaniloga, niolewe na nani. Akawa anajibu. Majibu mengine yakatimia. Siku moja nikamkuta yuko peke yake, hakuna mgonjwa, kafungua kitabu anakiuliza yeye ale nini."

Nilitaka kuziba masikio.

"Yule mjukuu wa Adelard," akaendelea, "baba hakumkataza sindano kwa ubaya. Alikuwa anaamini kabisa."

Niliuacha mkoba palepale sakafuni, nikaondoka bila kugeuka.

Haikusaidia. Watu walikuja vilevile. Nikawaambia mkoba sina tena, nendeni. Wakatazamana, na mmoja wao akasema kwa heshima kubwa, "Basi umeshakuingia mwilini."

Jumamosi iliyopita sikwenda kwa Nikodemu. Nilikuwa nimekaa na mama mmoja ambaye mumewe ametoweka. Aliniuliza kama yuko hai. Nikafungua mdomo kusema sijui, nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Yuko hai. Msubiri."

Uso wake ukang'aa. Na mie, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Usiku ule sikupata usingizi, naogopa. Sijui ramli. Sijui nyota. Ndio maana nimeandika haya, ili wanaokuja wajue ukweli na wasirudi.

Kabla ya kuposti nilimsomea Mama Gregori. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Nikashukuru, angalau mmoja kanielewa.

Akasogea karibu.

"Nimekusikia, mama," akasema, yeye aliyekuwa ananiita Anje. "Sasa huyu Gregori wangu, nimuache afanye mtihani mwaka huu, au tusubiri?"

Mpenda vitabu mwenzangu, ukipewa kitabu bure, uliza kwanza kwa nini mwenyewe anakitoa. Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui siku ile ile ya kwanza, maana siku ya pili hakuna atakayekusikia.

Utaniuliza, na yule mtoto je, ningemwacha afe?

Hapo, ndugu yangu, hata mie sijui.