Sindano Kwanza

Gereji nzima ilimwita Bwana Sindano, na mwenyewe alidhani ni sifa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwahubiria wateja, mafundi wenzake, hata muuza vipuri wa mlango wa pili, habari ya sindano moja tu: ile ya geji ya presha ya mafuta ya injini, yaani oili. "Sindano kwanza, mwendo baadaye," alisema, kidole juu. Uliza bei ya breki, jibu lilipitia kwenye presha ya mafuta. Watu walimpenda, lakini kwa mbali.

Haki ya kuringa kidogo alikuwa nayo. Injini ya gari la michezo la shemeji yake, mume wa dada yake, aliiunda upya kwa mikono yake kwa miezi tisa, beringi kwa beringi. Injini yenyewe haikuwa ya kawaida. Magari mengi huhifadhi mafuta kwenye sampu, lile bakuli lililo chini ya injini. Hii ilikuwa na tangi lake pembeni na pampu mbili: moja inayapeleka mafuta kwenye injini, nyingine inayafyonza huko chini na kuyarudisha tangini. Hivyo gari likikata kona kwa kasi, mafuta hayakimbilii upande mmoja na kuacha vyuma visagane vikavu. Ubaya ni kwamba gari likisimama muda mrefu, mafuta hupenya kidogo kidogo mpaka chini, tangi likabaki tupu. Ukiliwasha hivyo hivyo, pampu inavuta hewa na beringi zinasagika kavu.

Kwa hiyo Bwana Sindano alikuwa na utaratibu wake. Anatoa plagi zote, anazungusha injini kwa stata bila kuiwasha, anaipumzisha, anazungusha tena, mpaka sindano inyanyuke, ishara kwamba mafuta yamefika kwenye vyuma. Ndipo plagi zinarudi. Kazi ya saa nzima, mahubiri juu.

Shemeji mtu alikuwa bingwa wa kung'arisha. Gari lilikaa miezi saba chini ya turubai, likipanguswa kila wiki bila kuendeshwa hata mara moja. Asubuhi ya maonyesho ya magari alilileta gereji juu ya lori, pamoja na mkewe na marafiki wawili waliovaa miwani ya jua kivulini. Akafunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia kwenye tangi. Kikavu kabisa.

"Shemeji, mafuta yako wapi?" akamuuliza Bwana Sindano.

"Yapo."

"Yapo wapi? Tulitia lita kumi na moja, niliona kwa macho yangu!"

"Yameshuka chini. Gari limelala miezi saba."

"Yameshuka!" Shemeji akawageukia marafiki zake. "Jamani, mafuta siku hizi yanatembea. Labda yametembea mpaka kwenye gari la mtu."

Wakaangua kicheko. "Baba watoto, hebu acha," dada mtu akasema.

Damu ilimchemka Bwana Sindano. Hakuwahi kuondoka na boliti ya mtu, na sasa anaitwa mwizi mbele ya dada yake, tena ndani ya gereji yake. Mtu mwenye kichwa chake angesema, "Nipe saa moja." Spana ya plagi alikuwa nayo mfukoni, hata akaigusa. Lakini saa moja ni ndefu mno kwa mtu anayechekwa.

Akanyakua ufunguo, akaketi, akawasha. Injini ikanguruma. Akakanyaga eksileta mara moja, mara ya pili, mara ya tatu kwa kisirani, macho kayakodoa kwenye uso wa shemeji yake.

"Pima sasa! Pima!"

Pampu ya chini ilikuwa imekwisha kuyarudisha mafuta tangini. Shemeji akachomoa kijiti, nacho kimelowa mpaka kwenye alama.

"Haya, yapo. Samahani bwana, shemeji, nilikuwa nakutania tu."

Marafiki wakapiga makofi. Bwana Sindano akatoa meno yote nje. Jina lake lilikuwa limesafishwa, na alikuwa na furaha kama ya siku alipomaliza kuifunga injini hiyo.

Kisha akasikia. Chini ya mngurumo, polepole, beringi zikigonga: ko, ko, ko.

"Sikieni inavyoimba!" shemeji akasema. Yeye kitu kisichong'aa hakukisikia.

Tabasamu la fundi likabaki pale pale usoni, hajui aliweke wapi. Ni dada yake aliyesogea. Yule alikulia kwenye mahubiri yale, aliyasikia akiosha vyombo, aliyasikia akifanya kazi za shule. Akapitisha mkono dirishani, akauzungusha ufunguo, injini ikanyamaza.

"Kaka," akauliza kwa sauti ya chini, mumewe asisikie, "sindano ilikuwa inasoma ngapi?"

Bwana Sindano akaitazama geji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama tangu aketi.