Niliandika Majina kwa Mkono Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Jina langu sitaliandika. Jueni tu mimi ni karani wa boma hapa Singida, na baada ya baba kufa nililelewa na mjomba, kule upande wa Ilongero.

Mwaka ule bei ya ng'ombe ilianguka vibaya. Mtu anaswaga dume mpaka mnadani, anarudi nalo. Kodi iko palepale. Ndipo akaja Mzungu mmoja, mtaalamu wa uchumi, anaandika kitabu juu ya taabu hiyo. Nikapewa kazi ya kumtafsiria.

Mpole kweli! Alikaa kwa mjomba, akanywa maziwa, akaniambia, "Nikiyaeleza haya vizuri, wakubwa watapunguza kodi." Mimi mjinga nikaamini.

Akauliza, "Ng'ombe wanane tu, mzee anaishije?"

Kiherehere kikanishika. "Hao si wote, bwana. Wengine kawawekesha kwa rafiki zake, Ihanja na Iguguno. Ndiyo desturi yetu. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hufi njaa."

Akaomba majina ya hao rafiki. Nikamwandikia mwenyewe kwenye karatasi.

Kitabu kilipofika bomani nilikisoma nimesimama. Habari ya kupunguza kodi hakuna. Kinasema kwamba wenyeji wanaficha mali, walazimishwe kuiuza. Mtaalamu mzima, hajui ng'ombe wakijaa mnadani bei inazidi kuanguka? Maziwa yetu alikunywa bure.

Askari walikwenda Ihanja na Iguguno na karatasi yangu ya majina, aliyoiacha yule Mzungu bomani. Waliswaga ng'ombe wa mjomba, na wa rafiki zake wakachanganywa humohumo. Mjomba naye walimwonyesha karatasi hiyo. Hajui kusoma, lakini mwandiko wangu anaujua. Barua zake zote namwandikia mimi.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukaingia zizini. Wale wanane wakafa wote, na rafiki wa kumkimbilia hakuwapo tena.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nikasema, "Shikamoo, mjomba." Akasimama, akavua kofia. "Karibu, bwana karani," akasema, kisha akamwambia mkewe, "Mletee mgeni kiti."

Makarani wenzangu, mgeni akiwaonea huruma, mwelezeni shida zenu wenyewe. Zizi la mwenzio usilitaje. Mimi nina mshahara na kiatu cha ngozi, lakini marahaba ya mjomba sijaisikia tena mpaka leo.