Rangi ya Kucha kwenye Breki

Nimekosa. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukanionea huruma, halafu ukaijutia. Nilimwita mtu mwizi mbele ya ndugu zake, na ushahidi wangu wote ulikuwa rangi ya kucha ya mke wangu. Majina nimebadilisha, lakini ninyi wa Kisarawe mkinijua, basi mmenijua.

Mimi ni Msukuma. Baba alikuja na ng'ombe wake mpaka Dutumi nikiwa mdogo, na sasa naishi Mbwawa, Kibaha, nafanya kazi ya stoo kwenye kiwanda kimoja. Kazi ya stoo inakulemaza. Kutwa nakagua mifuko ya watu wanaotoka getini, mpaka nikirudi nyumbani mke wangu akipita na kapu najikuta nachungulia ndani.

Baba aliponigawia ng'ombe wangu, niliuza wote nikanunua gari. Si gari ya kubebea familia, hapana! Milango miwili, iko chini, injini ina turbo, ukiwasha mtaa mzima unajua umeamka. Baba aliizunguka mara mbili akauliza, "Ng'ombe wote wale ndiyo wamekuwa hiki?" Niliipenda gari ile kupita kiasi.

Fundi wangu alikuwa baba mdogo wa mke wangu, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Tumwite Fundi Abdala. Ni Mzaramo wa Kisarawe, gereji yake iko chini ya mikorosho nyuma ya nyumba, na gari za mbio anazijua toka ujanani alipokuwa akizitengeneza mjini. Wazaramo na Wasukuma ni watani. Kwa hiyo nikishamwamkia shikamoo naye akaitika marahaba, heshima inaishia hapo. "Msukuma, ng'ombe wako ana homa gani leo?" Nami namwambia Mzaramo aweke ngoma chini kwanza, ashike spana. Tulicheka, jamani. Mkwe gani unacheka naye hivyo?

Shida ilianzia kwenye grupu letu la simu, la sisi wenye magari ya namna ile. Kila siku habari ni ile ile: fundi kachomoa spea orijino iliyotoka Japani, kaweka ya mchongo. Jamaa mmoja akatufundisha ujanja. Weka nukta ya rangi ya kucha nyuma ya spea, mahali fundi hatazami. Gari ikirudi haina nukta, umeshaibiwa.

Mimi na kazi yangu ya stoo, maneno yale yaliniingia kama maji kwenye mchanga. Kitu cha thamani kwenye gari yangu kilikuwa kalipa za mbele, yale makucha ya chuma yanayobana diski za breki. Kubwa, za asili, hazipatikani hovyo. Nikachukua chupa ya rangi nyekundu ya mke wangu bila kumwambia, nikaingia chini ya gari, nikapaka nukta moja kila upande.

Mke wangu hakukawia kugundua. Chupa imepungua, na kidole changu kina doa jekundu. Akaniuliza nimempaka nani kucha. Nikaapa ni gari. Alicheka, lakini siku tatu nzima simu yangu ilikuwa ikihama mahali kila nikienda kuoga. Nyumba yetu ikawa ya kuchunguzana.

Haikupita muda, kalipa ya kushoto ikaanza kuvuja mafuta ya breki. Nikapeleka Kisarawe. Fundi Abdala akaangalia, akasema ni mipira ya ndani imechoka, niiache gari ilale pale. Ilale? Mbona siku zote nasubiri naondoka nayo! Kisha akapiga simu akasogea pembeni. Baadaye akaja mwendesha bodaboda, akapewa kitu kimefungwa kwenye gazeti, akaondoka mbio. Niliona yote hayo nikiwa nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai ya mke wake. Chai nzuri tu, yenye iliki, na mimi moyoni namhesabia.

Kesho yake nikaichukua. Breki zinashika vizuri mno. Hata hilo nikalitilia shaka! Nilipofika nyumbani nikapandisha gari kwenye jeki, nikavua tairi, nikaingia na tochi. Kushoto hakuna nukta. Nikaenda kulia. Hakuna.

Nikasema kumbe. Kumbe vicheko vyote vile, kumbe Msukuma, Msukuma, nilikuwa nafugwa.

Mtu mwenye akili angempigia simu. Mtu mwenye akili zaidi angemwambia mkewe kwanza. Mimi nilisubiri Jumapili, siku ambayo ukoo wao ulikutana kwa Fundi Abdala kupanga harusi ya binti yao. Watu wamekaa mikekani, wali umeshapakuliwa. Nikasimama.

"Baba mdogo," nikasema, "kalipa zangu umemuuzia nani?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi Abdala akacheka kuliko wote, akasema amezibadilisha kwa mtama, si ndicho Wasukuma wanachokula? Unaelewa? Mtani kumwita mtani wake mwizi ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye msiba utamwita hata mchawi, na hakuna atakayekasirika. Mlango ule ulikuwa wazi. Ningecheka na mimi, nikakaa, nikala wali, yangeishia pale.

Nikasema, "Mimi sitanii. Wewe ni mwizi."

Vicheko vikakatika. Mke wangu alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini taratibu. Fundi Abdala akasema, "Kama hutanii, basi nimesikia." Akanyanyuka akaenda kunawa, na chakula hakukigusa tena. Hakujitetea kwa neno hata moja. Na mimi, mpumbavu wa mwisho, nikaona kule kunyamaza ndiko kukiri.

Sikuishia hapo. Nikaandika kwenye lile grupu, jina lake na mahali alipo. Wenzangu wakanishukuru. Wawili waliokuwa wakipeleka magari kwake wakayahamisha wiki ile ile.

Baada ya hapo nikaamua fundi nitakuwa mwenyewe. Nikanunua jeki na seti ya spana, video nikawa naangalia kwenye simu. Kwenye video mtu anafungua boliti huku anaongea, mimi boliti hiyo hiyo inanichukua asubuhi yote na ngozi ya vidole. Mara ya kwanza kubadilisha pedi za breki nilibakiwa na boliti mkononi, nikajiambia labda Wajapani huweka za akiba. Cheka tu. Jirani akisimama kuangalia, namfikiria vibaya. Mke wangu akiniletea maji, naangalia kama amehesabu spana. Mwenyewe sikujua nilikuwa nimeshaanza kuugua.

Harusi ikafika. Mke wangu akaenda peke yake. Sikualikwa, na hakuniuliza kama inaniuma. Iliniuma.

Sasa sikiliza. Miezi kadhaa baadaye breki zikahitaji mafuta mapya. Kabla ya kuanza kazi, nikapaka nukta nyingine nyekundu kwenye kalipa. Kwa nini, wakati fundi ni mimi? Hata sijui. Nilikuwa simwamini mtu, labda hata mkono wangu. Nukta ikakauka vizuri. Nikafungua nati ya kutolea upepo uliobaki kwenye mabomba ya breki, mafuta ya breki yakachuruzika juu ya kalipa kama yanavyochuruzika siku zote. Nikachukua kitambaa nikafuta.

Kitambaa kikatoka na wekundu.

Nikaangalia kalipa. Nukta hakuna. Nikapaka nyingine, nikasubiri ikauke, nikamwagia mafuta, nikafuta. Hakuna. Mafuta ya breki yanakula rangi, na upepo hutolewa pande zote mbili, ndiyo maana hata nukta ya kulia ilifutika! Fundi yeyote anajua. Fundi Abdala angenijibu hivyo kabla sijamaliza kuuliza, kama ningeuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nikafungua simu nikatafuta picha nilizopiga siku gari ilipofika, maana nilipiga kila kona kama mzazi mpya. Kwenye kalipa ya kushoto kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa jiwe, umepinda mwishoni. Nikainama. Mkwaruzo ule ule, mahali pale pale. Ushahidi ulikuwa mfukoni mwangu miezi yote ile, na sikuufungua kwa sababu nilikuwa sitafuti ukweli, nilikuwa namtafuta mwizi.

Ungamo langu lenyewe ni hili: nilikaa nalo kimya wiki tatu. Aibu ilinifunga mdomo. Yule mzee watu wanampita, na mimi najua, na ninakula ugali nalala. Hili ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Aliyenitoa ni mke wangu. Alikuwa anakusanya nguo za kufua akaokota kile kitambaa. Akakiangalia, akaja kusimama mbele yangu. "Hii rangi ni yangu," akasema. Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto. Hakunibembeleza. Aliniambia vaa shati, twende.

Tulimkuta Fundi Abdala amekaa chini ya mikorosho, peke yake, hakuna gari hata moja. Nilipiga magoti kwenye mchanga. Nikamwambia kila kitu, nukta, mafuta, picha, wiki tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Lile gazeti, akanieleza kwa upole, lilikuwa na mipira iliyochakaa, imepelekwa mjini kama sampuli ili iletwe ya saizi ile ile. Gari ililala kwa sababu ya hiyo. Basi.

"Yameisha," akasema. "Inuka, utachafua suruali."

Kisha akaomba funguo. Akaingia kwenye gari, akakanyaga breki mara moja, akatoka ameshika kiuno. Nilikuwa nimeacha upepo kwenye mabomba, breki inazama mpaka chini. Aliuliza kama nilipanga kushuka mlima wa Pugu nikiwa na mwanawe, yaani mke wangu, ndani ya gari ile.

Akaitengeneza siku ile ile. Lakini kabla hajafunga kitu akatandika gunia safi chini, akapanga kila kipande alichofungua, boliti kwa boliti, akanigeukia. "Hakiki mali yako, bwana."

Bwana! Nilitamani aniite mwizi, aniite mchawi, anitukane ng'ombe wa baba yangu wote.

Kwenye grupu nimeshaandika ukweli, kwa jina langu. Walionijibu ni wachache, na wale wawili hawajarudi kwake. Mimi nampelekea gari kila inapohitaji. Anaitikia salamu, chai inaletwa, kazi inafanywa vizuri. Siku moja nilijikaza nikamtania kwanza, nikamwambia Mzaramo siku hizi amezeeka. Akatabasamu kwa adabu akasema, "Ni kweli, bwana." Na gunia bado analitandika. Nikikataa kuhakiki, hanipi funguo. Kwa hiyo nainama nahesabu, mke wangu akiangalia pembeni.

Wenzangu mnaolala chini ya magari yenu na tochi mdomoni, jifunzeni ufundi, si vibaya. Wekeni na alama mkitaka. Lakini ukiona alama haipo, muulize mtu kwanza, mkiwa wawili, na uwe tayari kusikia jibu. Mimi mkwe ninaye, fundi ninaye, na breki zinashika. Ila wa kuniita Msukuma kule Kisarawe sina tena.