Hesabu ya Kutoa Bila Mbuzi

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na baiskeli, na baiskeli hiyo haikuwa na pa kulala. Ukitaka kuelewa shida zangu zote za mwaka ule kule Kilungu, anzia hapo. Chumba pekee cha shule ambacho paa lake halikuvuja kilikuwa cha darasa la wadogo, na hao wadogo nilikuwa nikiwafundisha mimi, msichana ambaye chuo cha ualimu sikuwahi hata kukipita nje. Watu wa misheni walinichukua kwa sababu nilijua kusoma na sikuogopa kamasi.

Siku moja akaniita akaniambia kwamba mkaguzi wa shule angekuja baada ya mavuno ya mbaazi. Watoto wakishindwa hesabu ya kutoa, alisema, darasa lingefungwa, wao warudi kuchunga mpaka wapate akili, na mimi nirudi kwa mama nikatwange mahindi. Alisema haya huku akipangusa kengele ya baiskeli kwa kitambaa. Nilimchukia, sifichi. Kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, na watoto wale, pamoja na kamasi zao, nilishawafanya wangu.

Tatizo ni kwamba kutoa hawakujua kabisa, na kosa lilikuwa la kitabu. Kitabu tulicholetewa kilijaa mifugo tupu: fulani ana mbuzi saba, watatu wamepotea, wamebaki wangapi. Sasa wewe nenda kwa Mkamba umwambie hivyo. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo, wala watoto. Ukihesabu unaita balaa, na ukisema watatu wamepotea, basi umewapoteza mwenyewe. Nilipowasomea hesabu ya kwanza, darasa zima liliinamisha vichwa ungedhani nimetukana. Kesho yake akina mama wawili walikuja kuniuliza kwa upole, upole ule wa kutisha, mbuzi wao wamenikosea nini.

Nikakisukuma kitabu chini ya kiti, nikachukua mbaazi. Nilizikaanga kwa chungu cha mama bila kumwomba ruhusa. Kila mtoto alipata lundo dogo, na sheria ilikuwa moja: kula unavyotaka, lakini ukishameza useme umekula ngapi na zimebaki ngapi. Ukikosea, jirani anakula zilizobaki. Wee, watu walijifunza! Halafu tukaingiza wizi. Mmoja anafumba macho, wenzake wanamwibia, akifumbua anataja zilizoibwa, na akipata anarudishiwa. Kulikuwa na kisichana kimoja kifupi chenye pengo mbele ambacho kilikuwa hakiibiki. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akauliza kama hapa ni shule au ni jikoni. Nikamwambia ni vyote viwili, karibu.

Mkaguzi akaja. Mzungu mrefu, kofia ngumu, na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama peke yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha mpishi. Mbaazi nilikuwa nimemwekea mezani kwenye sahani, lakini hakuzitazama. Akakinyooshea kidole kisichana changu cha pengo, nami moyoni nikamshukuru Mungu mapema mno.

"Baba yako iko na mbuzi kumi," akasema. "Nne nakufa. Nabaki ngapi?"

Nikatafsiri kwa Kikamba, na mbuzi nikawageuza mbaazi. Mwalimu mkuu akakohoa, akatafsiri upya, akawaua mbuzi wote wanne. Kisichana kikamtazama yule mgeni asiye na adabu, kikajibu kwamba baba yake ana kumi. Mkaguzi akarudia, nacho kikarudia. Akaandika alama ya kosa. Akauliza wa pili, wa tatu, wote wakashikilia kumi. Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kukipima chumba kwa macho, na nilijua kabisa anaona gurudumu la mbele limeegemea wapi.

Hapo hasira ikanipanda, nikasahau nani ni nani. Nikamwuliza mkaguzi ana watoto wangapi. Akashangaa, akasema watatu.

"Tuseme mmoja amekufa," nikasema. "Wamebaki wangapi?"

Kalamu ilisimama. Uso ulimwisha rangi, na hakuwa na nyingi ya kupoteza. Mimi nilijua nimeshafukuzwa, kwa hiyo nikasimama tu kungoja kuambiwa. Watoto Kiswahili hawakukijua sana, ila maneno yale machache waliyaelewa vizuri.

Kisichana cha pengo kikainuka. Kikamwendea mzungu, kikamshika ncha ya ile kaptura na vidole vyake vya mafuta ya mbaazi.

"Watatu, bwana," kikamwambia. "Wote wako."

Mkaguzi akaishika kalamu tena. Kisha akafuta ile alama ya kosa, akaandika ya sahihi. Akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akavuta sahani na kuanza kula huku akiuliza zimebaki ngapi. Walimjibu kwa kelele, bila kukosa, wakimsogelea kila anapotafuna ili wahakikishe amebakiza. Alipomaliza alimwambia mwalimu mkuu kwamba darasa hili lisiguswe, na mwalimu wake vilevile. Nilifurahi mpaka nikataka kucheza hapo hapo.

Mlangoni akanigeukia. Nilidhani sasa anakuja kunitia adabu kwa ule ulimi wangu, nikajiweka tayari.

"Iko Ulaya, hii watoto," akasema. "Barua ya mwisho nakuja zamani, mbele ya mvua."

Akashikilia kofia yake. Na mimi, jeuri yote niliyozaliwa nayo sijui ilikwenda wapi, nikamwambia wako watatu.