Hema la gusaba lilivyokata fiber yetu Rebero, na wenye sherehe wakatuokoa

Wakuu, habari za humu ndani. Hili limenikuta mimi mwenyewe, na nalisimulia lilivyokuwa, bila chumvi.

Mimi ni Mtanzania wa Bukoba, kazi yangu ni kuunga nyaya za fiber hapa Kigali. Napiga kazi na Eric, Mnyarwanda aliyekulia Uganda.

Jumamosi moja ofisi ikatupigia: link ya Rebero imekufa. Na haikuwa internet tu. Mnara wa simu wa kule unategemea waya huohuo, kwa hiyo kilima kizima kilikuwa bubu.

Tukafunga kifaa cha kupimia. Hiki kinapiga mwanga ndani ya waya, kisha kinakuambia umekatikia umbali gani.

Tukaufuata ule umbali kwa miguu.

Ukatufikisha mbele ya hema jeupe lenye maua, kina mama wamependeza na mishanana yao, yale mavazi ya asili ya Kinyarwanda, wazee wamevaa suti. Ilikuwa gusaba, siku ambayo familia ya mvulana inakuja kuomba mke.

Na kile chuma cha kufungia kamba ya hema kilikuwa kimegongelewa juu ya fiber yetu. Kikaipasua.

(Msiwalaumu. Mvua zilishakula udongo wa juu, na alama yetu ya tahadhari ilikuwa imeanguka zamani.)

Eric akanivuta pembeni. "Hapa watatufukuza. Mimi nawajua watu wangu, gusaba haichezewi."

Mama mzazi wa bibi harusi, Mama Aline, akaja kutuuliza shida yetu. Nikamwamkia, nikaanza kujieleza kwa kubabaika.

Sijamaliza, akaingia mwanamume anahema. Mlinzi wa zahanati ya pale chini.

"Simu inashika wapi hapa? Iko mama anajifungua, mtoto amekaa vibaya. Nesi alikuwa anaongea na daktari, simu ikakata katikati. Gari imeenda kumuleta daktari, lakini mpaka sasa bado."

Mama Aline akalitazama hema lake. Akatutazama sisi.

"Mana yanjye," akasema, yaani Mungu wangu. "Chimbeni. Mutoe viti hapo. Mambo ya ng'ombe wa mahari itangoja."

Tukang'oa chuma, tukachimba. Na mvua nayo ikaanza.

Sasa elewa, wakuu, fiber haiungwi kwenye maji. Uzi wenyewe ni kioo chembamba kama unywele, tone moja tu linaharibu kazi. Na ile kona ya hema, bila chuma, ilikuwa inatuangukia.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau.

Mjomba wa bibi harusi akashika kamba. Mzee wa upande wa mvulana akaja kumsaidia. Hawa ndio wasemaji wa familia hizo mbili, waliokuwa wanatupiana mafumbo kabla hatujafika, kila mmoja akitetea ukoo wake. Wakasimama nje kwenye mvua na suti zao, wamevuta kamba moja, ili mimi na Eric tubaki pakavu.

Nikadaka uzi wowote kwa haraka. Eric akaniambia, "Kaka, pole pole. Anza na nyuzi za mnara."

Nikaanza nazo. Uzi wa kwanza ukashika. Wa pili ukanigomea, nikaukata upya, ukashika.

Tukasubiri mnara uwake. Halafu simu za wageni zikaanza kulia, moja, tatu, hema zima!

Mlinzi akampigia nesi palepale. "Daktari amepatikana? Ameshakupigia? Eh, Mungu asifiwe!" Akatimua mbio kushuka kilima.

Sisi tukaendelea na nyuzi zilizobaki. Tulipokuwa tunafukia shimo, Mama Aline akapigiwa simu kutoka zahanati: mtoto amezaliwa, wa kike, na mama yake mzima.

Kina mama wakapiga vigelegele. Yule mzee wa upande wa mvulana, amelowa chapachapa, akasimama katikati:

"Tulikuja kuomba binti mmoja. Rebero imetupa wawili!"

Tulitaka kuaga, Mama Aline akakataa. Tulikula na matope yetu, tumekalishwa meza ya wazee.

Nilichojifunza: ofisini tuliandikiwa kwamba tumerudisha link. Mimi najua tulirudisha pamoja na watu waliokubali kulowa. Bila wao, mashine yangu ya kuungia nyuzi ilikuwa chuma tu.

Na ukitaka kugongelea kitu ardhini, tafadhali uliza kwanza kuna nini chini.

Haya, wewe nani alikusaidia siku uliyokuja kumharibia shughuli yake? Andika hapo chini, nipo nasoma.