Sahani Tatu na Sinia Moja

Naanza kwa kukuomba radhi wewe unayesoma. Niliacha shule darasa la nane, na tangu hapo kalamu naishika kwa nadra. Herufi zangu huinama upande mmoja, na huenda nimekosea maneno nisijue kuwa nimekosea. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini jambo hili limesemwa vibaya na watu wenye midomo myepesi, nami siku ile nilikuwapo. Afadhali niliandike polepole kuliko waendelee kulisema haraka.

Watu wa Mji wa Kale wasema dada yangu aliachwa kwa ajili ya ulafi. Wasema alirukia chakula cha watu hotelini. Huo ni uongo, na waliouanzisha nawajua mpaka rangi za kanga zao.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikaa Bondeni, chumba na ukumbi, mama, dada na mimi. Baba, ambaye kwao ni Kwale, alikuwa akipakua mizigo gatini Mbaraki mpaka alipofariki. Dada alikuwa fundi wa nguo. Alinunua vitambaa katika duka moja la Mji wa Kale, na kijana aliyekuwa akimpimia vitambaa hivyo akamtaka. Ukoo wa kijana ni wa zamani pale, watu wa nyumba za ghorofa na milango mizito. Wajomba zake wakaja kuposa, ami yetu akakubali, wanaume wakamaliza yao. Yakabaki ya wanawake.

Ya wanawake ni haya. Mama wa mume huwaalika wanawake wa upande wa mke, wakakaa pamoja, likaletwa sinia moja. Kila mtu hula upande wake, na nyama iko katikati. Mama mkwe huikata nyama kwa mkono wake, akaisogeza mbele ya mwali. Hasemi neno, lakini kila aliyekaa pale ajua kwamba huyu sasa ni mtoto wa nyumba. Asiposogezewa, hilo nalo lajulikana. Dada alilijua, na wiki nzima kabla ya siku hiyo hakulala vizuri.

Ukaja ujumbe: nyumba yapakwa chokaa, njooni hotelini Jumapili baada ya adhuhuri.

"Nyumba ina vyumba vingapi hata vyote vipakwe chokaa siku moja?" mama akauliza. "Nimezaliwa mji huu, sijaona mwali akipokewa hotelini kama msafiri."

"Mama, hotelini pia kuna masinia," dada akasema. "Twende."

Tukaenda. Hoteli yenyewe siitaji. Chini walikaa wanaume, wakainua macho kutoka kwenye vikombe vyao vya chai tulipopita. Ngazi ilikuwa nyembamba na yanuka mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Juu kulikuwa na chumba cha wanawake, kina pazia mlangoni na panka lililozunguka bila ya kuleta upepo. Wao walikuwa wamekwisha fika, watatu: mama wa kijana, khalati yake, yaani dada mkubwa wa mama yake, na umbu la kijana, yaani dada yake, msichana wa rika langu. Walikuwa wamekaa kwenye meza kubwa ya duara. Viti vitatu vya meza hiyo vilikuwa vimewekewa mabuibui yao na mikoba yao. Sisi tukaonyeshwa meza ndogo iliyo kando.

Nikatoa shikamoo. Mama wa kijana akanipa ncha za vidole.

"Karibuni," akasema khalati, mwanamke mnene. "Ngazi imewachosha? Kule Bondeni hamkuzoea ghorofa."

"Twazipanda kila siku," mama akajibu. "Hata hatuhemi." Khalati alikuwa bado ahema.

Weita akaja na sinia la biriani ya mbuzi, akaliweka kwenye meza yao. Kisha akarudi na sahani tatu, kila moja na kijiko chake, akatuwekea sisi.

"Umekosea, mwanangu," mama akamwambia.

"Sikukosea, mama. Ndivyo nilivyoagizwa."

"Ni mimi niliyemwagiza," akasema mama wa kijana, bila ya kugeuka vizuri. "Nimeona hivyo mtakuwa huru zaidi."

"Huru na nini?"

"Kila watu na desturi zao, dada yangu. Huenda mkaona haya kutia mkono pamoja nasi."

"Haya ya nini? Mkono wangu una nini?"

"Aka!" khalati akadakia. "Hoteli hii jamani, mtu huja akala akaenda zake. Kuleni, biriani yapoa."

Hapa nina la kukiri. Nilishika kijiko nikala. Watu wakianza kugombana, mimi mikono yangu hutafuta kazi, na kazi iliyokuwa mbele yangu ni ile. Mama akanipiga teke chini ya meza. Nikaendelea kula. Ilikuwa biriani nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Dada hakugusa sahani yake. Aliitazama kidogo, akainuka, akaenda kwenye bomba pembeni. Alinawa mikono muda mrefu, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Akapita meza yetu bila ya kututazama, akaondoa mkoba wa khalati kwenye kiti, akauweka juu ya mabuibui, akakaa baina ya mama wa kijana na binti yake.

"Bismillahi," akasema, akatia mkono.

Nataka ujue alivyokula, kwa sababu hapa ndipo wanapodanganya. Alikula ukingoni, upande uliokuwa mbele yake tu. Matonge yake yalikuwa madogo. Nyama hakuigusa. Tonge la kwanza, khalati akaondoa mkono wake, akaufuta. Tonge la pili, msichana akaondoa wake. Mama wa kijana alibaki, vidole vyake vimo ndani ya wali.

Kisha akapeleka mkono katikati, akaikata nyama.

Mama alinishika paja chini ya meza akalifinya. Nikajiambia, haya, yamekwisha, alikuwa akimpima tu. Yule mwanamke akaiinua nyama, akaipitisha juu ya mkono wa dada, akaiweka mbele ya binti yake ambaye alikuwa amekwisha acha kula.

"Kula, mwanangu," akamwambia. Halafu akamwita weita. "Tuletee sinia lingine. Hili limeharibika."

Dada hakuinuka. "Limeharibika na nini, mama?"

Mwanamke akatazama pazia. "Si kitu. Limepoa."

"Basi mimi napenda kilichopoa."

Akaendelea kula, matonge yale yale madogo, na wao watatu wakikaa kumtazama mikono yao imo mapajani. Nilitamani kwenda kukaa naye. Sikwenda. Mama naye hakusogea, lakini yeye alikuwa amekaa wima kama anayesubiri kuitwa shahidi. Sinia la pili lilipofika, weita akasimama nalo, hajui aliweke wapi.

"Weka hapa," dada akamwambia. "Mimi nimemaliza."

Akanawa, akavaa buibui lake. Mama akawageukia.

"Ahsanteni kwa chakula. Na chokaa ikibaki, jipakeni nyuso, huenda zikang'aa."

Tukiwa katikati ya ngazi, khalati akapaza sauti kutoka juu, ili wanaume wa chini wasikie: "Njaa ya Bondeni hiyo! Mwaiona?"

Wengine walicheka. Maneno hayo ndiyo yaliyotembea. Kabla ya magharibi yalikuwa yamefika Makupa.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, kijana akaja kwetu. Dada alikuwa akishona sketi ya mtu, na sindano mbili zilikuwa zimekwisha vunjika. Hakumkaribisha ndani. Walizungumza mlangoni, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mama ana hasira za karibu," kijana akasema. "Nenda ukamwombe radhi, mambo yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya kukaa pale."

"Lau ungekuwapo, ungekaa wapi?"

"Usinitie baina yako na mama," kijana akasema.

"Sikutii. Nimekuuliza habari ya chakula tu. Ungekaa meza gani?"

Nilisubiri. Wallahi nilimwombea aseme neno moja, neno lolote, kwa kuwa nilijua dada alimpenda na angelipokea hata lingekuwa dogo. Nilisikia akisugua kiatu chake kwenye kizingiti, upande huu na upande huu.

"Nenda zako," dada akamwambia. "Na uwaambie ya kwamba mimi ndimi niliyekataa. Uwaambie hivyo hivyo."

Hakuwaambia. Alirudi kwao akanyamaza, na kimya chake kikawapa nafasi ya kusema kwamba ni wao waliomwacha, na sababu ni tumbo lake. Dada hakutoka kwenda kujitetea. Alimaliza sketi, akaanza nyingine. Mimi niliona haya kusema mbele za watu, na haya hiyo bado ninayo, ndiyo maana naandika. Ujumbe ambao yule kijana hakuufikisha nauleta mimi: ni dada aliyekataa.

Nawe uliyesoma, niandikie. Mpe jibu lako aliyekupa karatasi hizi, litanifikia. Kama nawe umewahi kutengewa chakula kando na watu waliokualika, niambie ulifanya nini. Na kama wewe ni wa meza ile kubwa, na bado washikilia kwamba ule ulikuwa ulafi, niandikie vile vile. Lakini usiniletee ya kusikia. Niandikie ulichokiona.