Kisima cha Shahidi

Jumuiya yetu hapa Kigwa ilikua mpaka nyumba hazikututosha kwa sala, ikabidi igawanywe. Sisi wa upande huu wa reli tukatakiwa kuchagua somo wetu, mtakatifu wa kutuombea. Walibaki wawili: kijana shahidi aliyechomwa moto ng'ambo ya ziwa, na mwalimu mmoja wa Kanisa aliyeandika vitabu mpaka uzee ukamchukua.

Mimi nilimtaka wa vitabu. Marehemu mume wangu alikuwa katekista, akafundisha dini vijijini kwa baiskeli, akafa kitandani kwa sukari. Mtu akisema nilikuwa nampigia kura mume wangu, sitabisha sana.

Jirani yangu, aliyefundishwa na mume wangu tangu utoto, akasimama. "Mama Mwalimu, usinune. Huyo wako alikufa kwa uzee. Hata bibi yangu alikufa kwa uzee, mbona hamumfanyi mtakatifu?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akasema kwa upole, "Shahidi ni wetu. Alipita na msafara njia hii ya zamani, akanywa maji kisima cha bondeni. Mwalimu mwenyewe, marehemu mumeo, ndiye aliyetufundisha."

Wakaitikia wote. Nikaona wanakipigia kura kile kisima.

Na habari ya kisima mume wangu aliitunga. Aliniambia mwenyewe jikoni, anamenya viazi: "Watoto wanasinzia, bwana. Nimewatilia chumvi kidogo." Hakuna mwingine aliyejua. Nikinyamaza, jina lake linabaki safi, na shahidi anachaguliwa kwa jambo la uongo. Nikisema, namvua nguo mtu asiyeweza kujitetea.

Nikasema.

"Kwa hiyo alitudanganya?" jirani akauliza. "Mayo! Mimi nimewapeleka wajukuu pale. Nimewaonyesha mpaka jiwe alilokalia!"

"La jiwe hakulisema yeye," nikamjibu, maana haki ni haki.

Safari hii hakucheka mtu. Mikono ikanyooshwa, na shahidi akashinda hata hivyo. Ni sawa. Moto ule ulikuwa wa kweli, haukuhitaji maji ya kwetu. Lakini habari za moto huo nazo, zile za kweli, nani alizileta hapa kama si yeye na baiskeli yake? Hilo nililikumbuka nikiwa njiani kurudi, kama kawaida yangu, wa kumwambia hayupo. Labda pia ningelisema wangeona namtetea.

Jirani hunisalimia vizuri, siwezi kumsingizia. Ila kwenye sala zetu kuna mahali pa kuwataja marehemu, kila mtu kwa sauti yake. Zamani jina la mume wangu lilikuwa linatajwa kabla sijafungua mdomo, tena na watu wawili watatu kwa pamoja. Alhamisi iliyopita nilingoja. Wakatajwa wengine, wakaisha, kiongozi akataka kuendelea.

Nikamtaja mwenyewe.